Karatasi Kwanza, Mkasi Baadaye: Jifunze Ufundi wa Paterni Ukiwa Gede

Ukishuka Gede, pale barabara ya Watamu inapochepuka kutoka ile ya Malindi na Mombasa, hutembei mbali kabla ya kusikia cherehani. Mafundi wa kushona tunao. Wanaotafutwa ni wale wanaoweza kuchukua picha ya gauni, wakaigeuza kuwa vipande vya karatasi, na nguo kumi zikakatwa kwa karatasi hizo hizo na zote zikatoka sawa.

Huyo ndiye fundi wa paterni. Kazi yake unaweza kuanza kujifunza hapa hapa, kwa meza, rula na karatasi, bila stima. Fuata hatua hizi kwa mpangilio. Usiruke.

Jua kazi yenyewe

Fundi wa paterni hupokea wazo: picha kwenye simu, mchoro wa mbunifu, au nguo iliyochakaa ambayo mwenyewe hataki kuiacha. Anatoa vipande vyenye vipimo kamili, ambavyo fundi mwingine atavitumia kukata na kushona bila kupiga simu kuuliza.

Kazi hii iko karibu. Mwenye duka la sare za shule anaihitaji. Hoteli za Watamu na Malindi zinavalisha wapishi, wahudumu na walinzi. Wenye maduka ya nguo za wageni wanataka gauni moja la kikoi lije katika saizi nne.

Mbali kidogo kuna viwanda vya EPZ vya Mombasa na Athi River. Hivyo vinashona nguo za kuuza nje, hasa Marekani tangu mpango wa AGOA wa kuingiza bidhaa huko bila ushuru uanze mwaka 2000. Wildlife Works nao wana kiwanda chao cha nguo Rukinga, karibu na Maungu, Taita Taveta. Na kila jukwaa la mitindo, kama Swahili Fashion Week aliyoianzisha Mustafa Hassanali jijini Dar es Salaam mwaka 2008, lina wabunifu ambao michoro yao lazima mtu aigeuze paterni.

Amua mapema unakoelekea. Kiwanda kitakuuliza cheti na kompyuta. Mteja wa mtaani atakuuliza kama nguo itamkaa. Mafunzo ya mwanzo ni yale yale.

Shona kabla ya kuchora

Usianze paterni kama hujui kushona. Utachora kola isiyogeuzika na mfuko usiofikiwa na mkono.

Jiwekee nguo tano: sketi ya mkanda, suruali ya lastiki, shati la kola, gauni la mikono, na sketi ya marinda ya mwanafunzi. Zishone mpaka zipu ilale vizuri na kola ikae sawa pande zote mbili. Cherehani ya miguu inatosha kabisa.

Kila unaposhona, andika mpangilio: kipi kilitangulia, kipi kilifuata. Mpangilio huo ndio utakaokuambia vipande vya karatasi viweje.

Nunua vifaa vichache vizuri

Anza na hivi: tepu ya kupimia yenye inchi upande mmoja na sentimita upande wa pili, rula ndefu, rula ya pembe mraba, rula ya mipindo, penseli ngumu, mkasi wa karatasi, mkasi wa kitambaa, pini, na kigurudumu chenye meno cha kunakilia mistari.

Mkasi wa kitambaa usiguse karatasi. Mwambie kila mtu nyumbani.

Karatasi ya kaki ndiyo ya kazi. Manila ndiyo ya paterni unazotaka zidumu. Ya mazoezi usiinunue: kusanya magazeti, au mifuko ya simiti iliyokung'utwa na kupanguswa vizuri.

Zoea inchi na sentimita zote mbili. Mafundi wetu wengi husema inchi. Vitabu vingi na viwanda vingi hutumia sentimita. Inchi moja ni sentimita 2.54. Ukichagua kipimo, karatasi nzima iende nacho. Kuchanganya ndiko kunakoharibu kitambaa cha watu.

Pima tepu yako kwa rula ya chuma kila baada ya muda. Tepu za kitambaa huvutika.

Jifunze kupima mtu

Paterni nzuri juu ya vipimo vibaya ni nguo mbaya. Tenga muda wa kupima.

Deraa pana huficha mwili. Mwombe mteja avae nguo nyepesi inayomkaa, au ajifunge leso vizuri. Mfunge uzi kiunoni, kisha mwambie ainame kidogo upande. Pale anapojikunja ndipo kiuno kilipo. Watu wengi huonyesha mahali pa mshipi wa suruali, na hapo sipo.

Chukua kifua, kiuno na nyonga. Kisha upana wa mgongo, urefu wa bega, bega hadi ncha ya kifua, bega hadi kiuno mbele na nyuma, kiuno hadi nyonga, kiuno hadi goti, urefu wa mkono, unene wa mkono juu ya kiwiko, na kifundo cha mkono.

Pima kila kitu mara mbili. Vikitofautiana, pima mara ya tatu.

Ukiwa mwanamume, usimpime mwanamke peke yako kibandani. Mwite mwenzako wa kike ashike tepu nawe uandike, au mwelekeze mteja ajipime mwenyewe. Heshima hiyo ndiyo itakayomrudisha na kumleta dadake.

Andika kwenye daftari, usiandike kwenye kiganja. Jina, tarehe, vipimo, na jambo lolote la mwili: bega moja limeshuka, mgongo umepinda kidogo, tumbo liko mbele. Maneno hayo yana thamani sawa na namba.

Chora bloku yako ya kwanza

Bloku ni paterni ya msingi isiyo na urembo: haina mfuko, haina kola, haina mtindo. Ukiwa na bloku nzuri, kila mtindo utatoka humo. Anza na sketi, kwa sababu ina mistari michache na makosa yake yanaonekana haraka.

Tuseme kiuno ni 76, nyonga 100, kutoka kiuno hadi nyonga 20, urefu wa sketi 60. Vyote kwa sentimita.

1. Chora mstatili wenye upana wa 52 na urefu wa 60. Hiyo 52 ni nusu ya nyonga, yaani 50, ukiongeza 2 za kumruhusu mtu kukaa na kutembea.

2. Kutoka juu, shuka 20 na uvute mstari wa mlalo. Huo ni mstari wa nyonga.

3. Gawanya upana katikati kwa mstari wa wima. Unapata 26 za mbele na 26 za nyuma. Mstari huo wa katikati ni ubavu.

4. Njoo kiunoni. Nusu ya kiuno ni 38. Ongeza 1 ya kupumua, iwe 39. Mstatili una 52, kwa hiyo una 13 za kuondoa.

5. Ubavuni, ondoa 2.5 upande wa mbele na 2.5 upande wa nyuma. Unganisha na mstari wa nyonga kwa mpindo laini. Zimebaki 8.

6. Nyuma weka dati mbili, yaani mikunjo ya pembetatu inayobanwa kwa mshono, kila moja 2.5. Ile iliyo karibu na katikati ya mgongo iwe na urefu wa 14, ya ubavuni 12. Mbele weka dati moja ya 3, urefu wake 10.

7. Ubavuni, pandisha kiuno kwa 1 na uchore mpindo kuelekea katikati. Kiuno cha mtu hakijanyooka, na karatasi isinyooke.

8. Hakiki. Mbele, 26 ukitoa 2.5 na 3 inabaki 20.5. Nyuma, 26 ukitoa 2.5 na 5 inabaki 18.5. Jumla 39. Isipofika 39, tafuta kosa kabla ya kushika mkasi.

Ziada ya mshono huongezwa mwisho: 1.5 kwenye mishono, 4 kwenye pindo. Bloku yenyewe iache bila ziada, uinakili kila unapotengeneza mtindo mpya.

Irudie kwa watu tofauti: mama mnene, msichana mwembamba, mwenye kiuno kidogo na nyonga pana. Dati zitabadilika. Ukishajua kwa nini zimebadilika, umeelewa bloku.

Ongeza kloshi, kisha gauni

Sketi ya duara, yaani kloshi, ni hesabu moja. Gawanya kiuno kwa 6.28 upate nusu kipenyo cha tundu la kiuno. Kiuno cha 76 kinakupa 12.1. Kwa nusu duara, gawanya kwa 3.14, unapata 24.2.

Sasa angalia kitambaa kabla ya kumwahidi mteja. Duara zima lenye urefu wa 60 lina nusu kipenyo cha 72, yaani upana wa 144. Kitenge cha kawaida kina upana wa 112 hadi 115. Hakitoshi kwa kipande kimoja. Kata nusu duara mbili na uziunge ubavuni, na umwambie mteja alete mita 3. Kosa la namna hii fundi wa paterni huliona mezani, kabla ya kwenda dukani.

Kwa sketi ya marinda yanayogusana, kitambaa ni mara tatu ya mzunguko unaoutaka. Kina mama wa Kigiriama wanaoshona hando wanaijua hesabu ya marinda vizuri kuliko vitabu vingi. Kaa nao uwaangalie wanavyogawa kitambaa.

Baada ya sketi, chora bloku ya mwili, halafu ya mkono. Hapa kipimo kikubwa ni kimoja: mzunguko wa kwapa. Upime kwenye karatasi, mbele na nyuma, kisha upime kichwa cha mkono. Kwenye kitambaa kisichovutika, kichwa cha mkono kizidi kwapa kwa sentimita 2 hadi 4. Kikizidi sana, mkono utavimba begani. Kikipungua, mteja hatainua mkono kushika chuma cha matatu.

Fumua nguo za wengine

Nenda sokoni ukanunue shati la mtumba la bei ya chini lililoshonwa vizuri. Lifumue lote kwa wembe, polepole. Piga pasi kila kipande. Kiweke juu ya karatasi na ukinakili.

Hesabu vipande: mgongo, mbele mbili, kipande cha mabegani, mikono, kola, shina la kola, vipande vya mwisho wa mikono vyenye vifungo. Pima ziada ya mshono kila mahali. Utaona kwamba kwenye kola ni ndogo na ubavuni ni kubwa. Jiulize sababu, kisha shona tena ujue.

Fanya hivyo hivyo kwa kanzu kuukuu. Badani ndicho kipande kikuu cha mbele na nyuma. Taharizi ni vile vipande vya ubavuni vinavyoipanua kanzu kuelekea chini. Kikwapa ni kijipande cha chini ya kwapa kinachomruhusu mtu kuinua mikono bila kuchana mshono. Kaba hushika shingo kwa ndani. Lisani ni ule ulimi wa kifuani chini ya ufunguzi.

Ukishaelewa kikwapa kinavyofanya kazi, kitie kwenye gauni la kitenge lenye mikono ya kubana. Mteja atahisi tofauti siku ya kwanza. Mafundi wa kanzu wa pwani yetu wameacha elimu kubwa ndani ya mishono hiyo, na wewe ndiye mrithi wake.

Shona nguo ya majaribio

Usikate kitambaa cha mteja kwa paterni mpya. Kata merikani kwanza, au shuka kuukuu lisilovutika. Tumia mishono mirefu iliyo rahisi kufumua. Mvishe mtu, rudi nyuma hatua mbili, uangalie.

Mikunjo iliyolala inasema nguo inabana hapo. Mikunjo iliyosimama inasema kuna kitambaa cha ziada. Mikunjo ya mshazari inaelekeza kidole mahali penye tatizo: ifuate mpaka mwisho wake, utakuta bega, kifua au nyonga.

Sketi ikipanda mbele na kushuka nyuma, usikate pindo kusawazisha. Tumbo linahitaji urefu zaidi. Ongeza juu, kiunoni.

Kila unachorekebisha kwa pini, kihamishie kwenye karatasi siku hiyo hiyo. Marekebisho yaliyobaki kwenye nguo peke yake yamepotea.

Andika kwenye kila kipande

Paterni isiyo na maandishi ni karatasi ya kufungia mandazi. Kwenye kila kipande andika jina la nguo, jina la kipande, saizi, idadi ya kukata, na tarehe. Chora mshale wa uzi wa kitambaa. Andika kama kipande kinawekwa kwenye mkunjo. Sema kama ziada ya mshono imo au haimo.

Weka vikato vya kuunganishia: kimoja mbele ya mkono, viwili nyuma. Atakayeshona asikosee mkono wa kulia na wa kushoto.

Halafu mjaribu mtu. Mpe fundi mwingine vipande vyako, uondoke. Akishona bila kukuuliza swali, paterni imekamilika. Akiuliza, jibu la swali lake liandike kwenye karatasi.

Toboa tundu juu na uzitundike kwenye waya. Usizilaze sakafuni. Mchwa wa huku hula kaki usiku mmoja, na unyevu wa bahari hukunja manila. Paterni za kazi zinazojirudia zipige picha pia, na rula ionekane kwenye picha.

Vijue vitambaa vya hapa

Kitambaa cha pamba hurudi kikioshwa. Kiloweke, kikauke, kipige pasi, ndipo ukate. Kama mteja hataki kusubiri, kata kipande cha sentimita 20 kwa 20, kioshe, ukipime tena. Kiasi kilichopungua kiongeze kwenye paterni kwa uwiano.

Leso ina karibu sentimita 150 kwa 110, na ina pindo la kuizunguka, mji ulio katikati, na jina, yaani maneno yaliyoandikwa. Panga vipande juu yake kabla ya kuweka pini. Mji ukae katikati ya mgongo au kifua. Jina lisomeke, lisikatwe katikati ya neno wala kugeuka miguu juu. Pindo linaweza kuwa pindo la gauni lenyewe, ukachora paterni kutoka chini kwenda juu.

Kikoi kina mistari. Mistari ya ubavuni lazima ikutane. Chora alama za mistari kwenye karatasi yenyewe.

Ukienda Mombasa, pitia Biashara Street, mahali pa leso na vitambaa tangu enzi za mababu. Duka la Kaderdina Hajee Essak, lile la leso za Mali ya Abdulla, lina historia inayoanzia 1887. Shika vitambaa, uliza upana, andika bei. Safari hiyo ni sehemu ya masomo.

Jifunze kupandisha na kushusha saizi

Hapa ndipo fundi wa paterni anapoanza kulipwa kwa sare. Tengeneza saizi ya katikati, ihakikishe kwa nguo ya majaribio, kisha panua na upunguze kutoka hapo.

Kama tofauti ya saizi na saizi ni sentimita 4 kwenye kifua au nyonga, kila robo ya paterni inabadilika kwa sentimita 1. Usiongeze yote ubavuni. Gawanya kidogo begani, kidogo kwapani, kidogo ubavuni, la sivyo mkono hautaingia.

Watoto ni tofauti. Hukua kwa urefu kuliko upana. Nenda na umri na kimo, na uache pindo pana la kushushia mwaka unaofuata. Wazazi hulitazama pindo hilo kabla ya kulipa.

Chagua chuo kwa macho

Vyuo vya ufundi vya mashinani, vile vilivyozoeleka kama youth polytechnic, vimekuwa chini ya kaunti tangu ugatuzi wa 2013. Anza na kilicho karibu na nyumbani. Karo yake kwa kawaida ni nafuu na utalala kwenu. Kisha uliza Weru Technical and Vocational College pale Malindi kozi ya mavazi ipo kwa ngazi gani.

Kabla ya kulipa chochote, hakikisha chuo kimesajiliwa na TVETA, mamlaka ya vyuo vya ufundi. Halafu kitembelee siku ya masomo, si siku ya sherehe. Uliza: Wanafunzi huchora paterni saa ngapi kwa wiki? Kuna meza za kukatia? Wanachora wenyewe au wananakili za mwalimu? Nionyesheni kazi za waliomaliza. Majibu ya maswali hayo yatakuambia zaidi kuliko bango la getini.

Vyeti vina njia kadhaa. NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, ina mitihani ya ufundi kuanzia Grade III, kupanda II, mpaka I. Inamfaa hata aliyejifunzia kibandani. TVET CDACC hutahini kozi za mavazi kuanzia artisan, craft, hadi diploma. Diploma kwa kawaida huhitaji wastani wa C- kwenye KCSE, craft D, na ngazi za chini zinampokea karibu kila mtu. Maombi ya vyuo vya serikali hupitia KUCCPS, na HELB hukopesha wanafunzi wa vyuo vya ufundi.

Ukilenga viwanda, iweke akilini Kenya Textile Training Institute ya NITA iliyoko Nairobi. Imejengwa kwa ajili ya sekta hii. Na kama umeshona miaka mingi bila cheti, uliza kuhusu RPL, utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana kazini. Usianze darasa la kwanza la kitu unachokijua.

Kaa chini ya fundi

Chuo hakitoshi. Tafuta fundi anayechora kabla ya kukata, hata kama kibanda chake ni kidogo. Anayekata kwa macho anaweza kuwa hodari sana, lakini hicho sicho unachotaka kujifunza sasa.

Mkubaliane mapema: siku gani, kazi gani, atakufundisha nini, nawe utamsaidia nini. Fagia, piga pasi, tia vifungo, lakini uwepo mezani wakati wa kukata. Ukimwita mwalimu au mzee, mwite kwa moyo. Muulize swali mteja akishaondoka, si mbele yake.

Ujue msimu. Disemba na Januari ni sare. Kuelekea Idi ni kanzu na magauni. Katika misimu hiyo jifunze kasi. Masika, Aprili hadi Juni, wageni hupungua na baadhi ya hoteli hufunga. Kazi za hoteli hutulia. Huo ndio muda wa kuchora bloku mpya na kumwomba fundi akukague.

Gusa kompyuta mapema

Usingoje kuajiriwa. Seamly2D na Valentina ni programu za bure za kuchora paterni. Unaingiza vipimo, unachora, na ukibadilisha kipimo paterni inajichora upya. Tumia kompyuta ya chuo, au maktaba, au ya rafiki.

Viwandani utakuta Gerber AccuMark, Lectra na Optitex. Kitufe hiki au kile utafundishwa kule kule. Wasichoweza kukufundisha kwa haraka ni kujua mstari umekosea wapi, na hilo unalijua kwa mkono.

Ukichapa paterni kwenye karatasi za kawaida, chapa kwanza mraba wa sentimita 10 na uupime kwa rula. Ukiwa 9.7, rekebisha printa. Usiunganishe karatasi ishirini ukagundua kosa baadaye.

Kusanya kazi zako, utaje bei yako

Nunua faili moja. Kwa kila nguo weka mchoro, vipimo, paterni iliyopunguzwa, kipande cha kitambaa, na picha ya nguo ikiwa mwilini, mbele na nyuma. Nguo kumi za namna hiyo zinakutosha kuomba kazi. Mwajiri anataka kuona mkono umelala vipi, kwa hiyo picha iwe karibu na mwanga uwe mzuri.

Nenda nazo kwa watu watatu wa aina tofauti: mwenye duka la sare, msimamizi wa mavazi hotelini, na mwenye duka la nguo za wageni. Omba kazi ndogo moja. Itimize kabla ya siku mliyoahidiana.

Paterni iwe na bei yake, mshono bei yake. Hesabu saa za kupima, kuchora, majaribio na saizi. Kubalianeni kwa maandishi nani atabaki na karatasi. Mteja akitaka paterni iwe yake, bei ipande, kwa sababu ataitumia miaka mingi bila wewe.

Anza wiki hii

Huna haja ya kusubiri muhula mpya. Miezi mitatu ya kwanza, sketi na kupima watu. Mitatu inayofuata, mwili na mkono. Kisha shati, suruali na kola. Mwisho wa mwaka, saizi tatu za sare moja, na ujiandikishe kwa mtihani wa NITA.

Leo jioni mpime mtu mmoja wa nyumbani. Kesho chora sketi yake kwa hatua nane zile. Jumamosi ikate kwa shuka kuukuu, ishone, umvishe, uisome mikunjo. Rekebisha karatasi, andika jina lake juu, uitundike. Hiyo ndiyo paterni yako ya kwanza, na unaweza kuianza kabla ya kulipa shilingi moja ya karo.